Sahani Iliyofunikwa ya Koekelberg

Niliondoka Jumanne asubuhi, kabla watu wa nyumba hawajaamka, viatu mkononi ili ngazi za mbao zisilie. Sikuwa na mpango. Siku hizi watu wakiniuliza hupenda nijibu kwamba nilikuwa nimeiota Japani tangu utotoni, na mara kadhaa nimewapa jibu hilo ili mazungumzo yaendelee. Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilidhani nitafika Ostende, nitatazama bahari kidogo, kisha nitajua la kufanya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Katika mfuko wa koti nilikuwa na pasipoti ya Ubelgiji, ya miezi miwili tu, bado inanuka gundi, na nilitaka kujua kama kweli ingefungua milango kama nilivyoambiwa. Nilishuka kwanza jikoni kuchukua mkate. Katika nyumba zile nyembamba za nyuma ya Basilika ya Koekelberg jiko liko chini, nusu yake ndani ya ardhi, na dirishani unaona miguu ya wapita njia tu. Juu ya jiko la gesi palikuwa na sahani yangu ya jana yake, imefunikwa kwa sahani nyingine iliyogeuzwa. Nilijua kilichokuwa ndani: bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, kipande cha samaki. Sikuifunua. Nilikata mkate, nikaufunga kwenye leso, nikatoka kwa mlango wa barabarani bila kumuaga mtu.

Nayaandika haya kwa sababu Clarisse alinipigia simu mwezi uliopita kuniambia kwamba mama yake, Maman Astrida, amefariki. Hakuwa mama yangu, wala shangazi yangu. Nilikuwa mpangaji wake kwa mwaka mmoja na kidogo, katika chumba cha ghorofa ya tatu chenye karatasi za ukutani za maua ya kahawia, na baada ya hapo nimepanga vyumba vingine vingi katika miji ambayo mingine nimekwisha sahau jina la mtaa. Sasa nina miaka hamsini na nimerudi Brussels, ninakaa Forest, si mbali na kile kiwanda cha magari kilichofungwa. Matanga yalifanyika katika ukumbi wa parokia, viti vya plastiki vimepangwa kuzunguka kuta, sufuria kubwa zinapita. Papa Célestin alikuwepo, mpangaji mwenzangu wa zamani, mzee sana sasa, suti yake inamzidi mabega. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kile. Alinitazama kwa muda kabla ya kunitambua.

"Ni weye, Ngoie? Aah. Kiwanda balifunga, Astrida amekufa, na Ngoie amerudia. Bon. Sasa hakuna kintu ya kungojea tena."

"Papa, unanihesabu na misiba?"

"Ninakuhesabu mahali weye mwenyewe unajiwekaka."

Clarisse alikuja kukaa kati yetu na sahani ya karatasi mapajani. Alikuwa na miaka kumi na sita nilipoondoka, sasa ni muuguzi, ana nywele nyeupe mbele. Tulianza kula. Kisha akasema, bila kunitazama, kana kwamba anazungumzia bei ya makaburi: "Unajua alikuwa anafunika sahani yako? Kila magaribi. Siku ya kwanza, siku ya pili, tukasema sawa, ana kasirani, itapita. Siku saba zikapita, semaine ya pili, bado. Anapakua, anafunika, anaweka pa jiko. Na kesho yake, saa sita, à midi, anaipasha moto, anaikula yeye mwenyewe. Miye nikitaka kuigusa, ananipiga mukono. Anasema, acha, ile ni ya mwenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ile siku ulitelefona. Alors, hapo njo akaacha."

Sikuwa nimelijua hilo. Kwa zaidi ya miaka ishirini na tano niliufikiria mwaka ule kama mwaka wa Japani, na nilikuwa nimeupanga kichwani kwa mpangilio wa miji. Baada ya maneno ya Clarisse ilinibidi niupange upya kuanzia jikoni.

Meza ya jikoni kwa Maman Astrida ilikuwa na viti vinane, na hakuna viwili vilivyofanana. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mzaliwa wa Likasi, mji wa migodi, kama mimi, na alikuwa na sheria moja: mtu wa nyumba asipofika kula, sahani yake inapakuliwa kama yuko, inafunikwa, na haiguswi mpaka kesho. Hakuna aliyeeleza sababu, na mimi sikuuliza, maana hata kwetu nyumba nyingi zilifanya hivyo. Alichochukia kuliko yote ni mtu kula peke yake. Akimkuta mtu anatafuna kitu ngazini husema, "Ju ya nini unakula kwa kujificha sawa mulozi?", yaani kama mchawi. Na ukikaa mezani mtu akatokea mlangoni, hata fundi bomba aliyekuja kutazama boila, ulipaswa kusema, "Karibu tukule," naye alipaswa kujishika tumbo na kujibu, "Asante, nimeshiba." Wabelgiji hawakulijua jibu. Fundi bomba mmoja alikaa, akala sahani mbili, na Papa Célestin akalizungumzia jambo hilo wiki nzima. Mwaliko ule si wa kukubaliwa. Ni wa kutolewa na kushukuriwa, na ukishatolewa na kushukuriwa kila mmoja anajua kwamba hakuna ubaya kati yenu. Nilikua nayo desturi hiyo kama unavyokua na kupumua.

Mazungumzo ya meza ile yalikuwa ya akina papa na akina maman waliotoka kazini: nani amepata karatasi za kukaa, nani amenyimwa, msimamizi gani ana roho mbaya. Jioni moja redio ilikuwa inaongea habari za Japani na Papa Célestin akainua uma wake. "Bale batu ya Japon banatujua bila kutujua," akasema. "Ile majiwe ya bombe ya Hiroshima balichimba wapi? Kwetu, Shinkolobwe, pembeni ya Likasi. Kutoka kwangu unafika na kinga, baisikeli tu." Maman Astrida akamwambia asiseme mambo ya bomu watu wakiwa wanakula. Mimi niliuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano na tangu hapo sijaacha kuuliza. Huenda mambo hayo mawili yana uhusiano.

Maswali hayo ndiyo yaliyomfanya Maman Astrida aamini kwamba nafaa kusoma. Bila kuniambia, alikwenda kwa mtawa mmoja aliyesimamia mafunzo ya kutunza wazee, akaniombea nafasi. Aliniambia Jumatatu jioni, mbele ya wote, akiwa bado ameshika mwiko. Nilikuwa nimeingia tu.

"Lundi sawa leo, juma inayokuya, saa mbili, uko pale. Na nywele ya kusuka muzuri."

"Maman, miye siwezi kurudia kwenye banc ya shule."

"Banc inauma?"

"Inauma."

"Bon, utakalia coussin." Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. "Ngoie. Nilipiga magoti mbele ya ile ma-sœur. Magoti yote mbili, muntu wa miaka yangu."

"Sikukutuma," nikasema.

Papa Célestin aliweka kijiko chini polepole. Maman Astrida aligeuka, akaendelea kupakua, sahani moja baada ya nyingine, na yangu pia. Nilipanda ghorofani bila kula. Kwetu neno lile huwezi kumwambia mtu anayekulisha, na mimi nililisema mbele ya meza nzima. Asubuhi yake ndiyo nilitoka na viatu mkononi. Nilijua ninachokiacha hatarini. Vitu vyangu vilikuwa vichache, na kazi ya kusafisha ofisi ungeipata nyingine. Lakini nilikuwa na kiti kimoja kati ya vinane, na mtu anayetoka bila kula na bila kuaga, baada ya neno kama lile, hajui kama atakikuta.

Sikufika Ostende. Nilishuka metro pale Porte de Namur kwa sababu rafiki yangu alikuwa anasuka nywele katika Galerie d'Ixelles na nilitaka kahawa. Saluni ilikuwa bado imefungwa. Pembeni palikuwa na duka dogo la tiketi za ndege, karatasi zimebandikwa kwenye kioo, na nilisimama kuzisoma ili muda upite. Kinshasa ilikuwa juu kabisa, kama kawaida. Chini yake, kwa mkono, waliandika Osaka, kiti kimoja, keshokutwa, kwa bei iliyokuwa nusu ya Kinshasa. Nilisoma mara mbili. Jambo lile lilinishangaza tu: kwamba kwenda mwisho wa dunia ni rahisi kuliko kwenda kwetu. Mwenye duka alipofungua, niliingia kumuuliza kwa nini. Hakujua. Lakini aliitazama pasipoti yangu, akasema na hiyo huhitaji viza, unakaa siku tisini. Nilikuwa na akiba ya miezi kumi na minne ya kusafisha ofisi. Siku mbili nililala kwenye kochi la rafiki yangu, harufu ya mafuta ya nywele, na Alhamisi nikapanda ndege.

Siku za kwanza Osaka nilitazama kila kitu na sikula karibu chochote. Niliona ngome yenye mapaa ya kijani na kuta za mawe makubwa kuliko gari, mfereji wenye mabango ya taa na kaa mkubwa wa plastiki anayetikisa miguu juu ya mlango wa hoteli ya chakula, na sokoni, samaki waliopangwa kwa ukubwa kama wanafunzi siku ya picha. Nilitembea mpaka soksi zikatoboka. Lakini kila nilipotaka kuingia mahali kula, niliona kitu kimoja: watu wamekaa mmoja mmoja. Wamepanga mstari mbele ya kaunta, bega kwa bega, kila mtu na bakuli lake, hakuna anayemsemesha jirani. Mahali pamoja palikuwa na vizuizi vya mbao kati ya viti, ili usimwone kabisa aliye karibu nawe. Unaweka sarafu kwenye mashine, unapewa tiketi, mkono unatokea chini ya pazia na kuweka bakuli la tambi, pazia linafungwa. Nilisimama mlangoni nikasikia sauti ya Maman Astrida kama yuko nyuma yangu: sawa mulozi. Nikarudi chumbani na donge la wali lililofungwa kwa mwani, nikalila nimekaa kitandani, mlango nimeufunga, yaani nikafanya jambo lile lile nililolikimbia. Hivyo siku tano.

Siku ya sita njaa ilinishinda. Palikuwa na kibanda kimoja chenye viti saba mbele ya bamba refu la chuma la moto, na mwanamke aliyekuwa akikaanga juu yake chapati nene za kabichi, yai na nyama. Niliingia kwa sababu palinukia kama jikoni. Alinisogezea yangu, akaipaka mchuzi mweusi, akaitupia juu vipande vya samaki mkavu, vyembamba kama unyoya, ambavyo vilijipinda kwa joto kama kitu kilicho hai. Nikashika kile kijiko bapa cha chuma. Na hapo sikuweza. Kushoto kwangu palikuwa na watu wawili, kulia wanne, wote wamekaribiana nami kiasi cha kusikia wanavyotafuna, na mkono wangu ulikataa kuanza. Basi nikafanya nilichofundishwa. Nilimgeukia wa kwanza kushoto, nikaisogeza sahani kidogo upande wake, nikasema kwa Kiswahili, maana sikuwa na lugha nyingine ya kusemea jambo lile, "Karibu tukule." Aliinamisha kichwa mara tatu, akakataa kwa mkono. Vizuri. Wa pili vile vile. Nikageuka kulia. Wa kwanza huko alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alitazama sahani. Alinitazama mimi. Niliona usoni mwake fikra ngumu inapita. Kisha akachukua kijiko chake, akakata pembe ya chapati yangu, akaila.

Nilibaki mdomo wazi. Baadaye sana nilielewa kwamba yeye pia alikuwa anajilazimisha: hakuna mtu duniani aliyewahi kumpa chakula cha sahani yake mahali pale, na aliona kwamba kumkatalia mgeni aliyetoka mbali ni aibu asiyoweza kuibeba. Kila mmoja wetu alikuwa na adabu kupita kiasi, na tulikuwa tumeharibiana chakula. Alitafuna, akameza kwa shida, akainama. Kisha akamwita mwanamke wa bamba, na chapati yake ilipoiva akaikata katikati kwa uangalifu kama anapima ubao, akaniwekea nusu. Mwanamke wa bamba akasema neno, na wote wakacheka, hata yule mzee. Nilikula. Ilikuwa tamu, chumvi na moshi kwa pamoja, na ndiyo chakula cha kwanza nilichokula nikiwa nimekaa na watu tangu Koekelberg.

Aliitwa Nishida. Alikuwa na maneno machache ya Kiingereza na mimi nilikuwa na machache mengine, kwa hiyo tulizungumza kwa kuonyeshana. Aliniuliza nimekula nini tangu nifike. Nilimwonyesha kwa vidole umbo la donge la wali, mara tano. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akatoa karatasi, akachukua kalamu moja kati ya zile mbili, na akaandika mistari minane kwa maandishi yao, polepole, akisimama kufikiri. Akachora treni. Akaonyesha mdomo wake. Nikaelewa: mji, chakula, mji, chakula. Nikaikunja karatasi ile ndani ya pasipoti.

Ndivyo nilivyosafiri kwa wiki tano, kwa karatasi ambayo sikuweza kuisoma. Nilikuwa nikishuka stesheni, namwonyesha mtu mstari, mtu anasoma, anacheka au anashusha pumzi, kisha anaacha anachofanya na kunipeleka. Sikujua ninakwenda kula nini mpaka kimewekwa mbele yangu. Kyoto mwanafunzi wa kike alinipeleka nyuma ya hekalu, katika bustani yenye bwawa, nikaletewa sufuria ya maji ya moto yenye vipande vyeupe vya tofu vikielea, na hakuna kingine. Nilidhani wamesahau chakula. Nilikula nikitazama mtawa anafagia changarawe kwa reki, mistari minyoofu, na nilipomaliza bado nilikuwa na njaa lakini nilikuwa nimetulia, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Nara polisi mmoja alinitoa katikati ya paa waliokuwa wakinivuta koti, akanipeleka kwa kizee aliyeuza wali uliobanwa na kipande cha samaki, umefungwa kwenye jani la mti. Nikalifungua jani kama ninavyofungua kwanga, mkate wetu wa muhogo, kule Matonge ya Brussels, kwa kucha, kuanzia upande, na kizee akampigia polisi makofi kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Sikukaribisha tena watu wenye sahani zao. Nilijifunza kusema moyoni tu, nikiwatazama mmoja mmoja, kisha kuanza.

Nilipiga simu Koekelberg kutoka Kyoto, saa tisa alasiri, kwenye kibanda cha simu cha kijani mbele ya stesheni. Brussels ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilisikia maji yanamwagika kwenye sinki, redio, kisha sauti ya Maman Astrida: "Allô?" Nilikuwa nimepanga maneno. Hayakutoka. "Allô? Ni nani?" Nikakata. Siku tatu baadaye, kutoka Nara, hivyo hivyo. Mara ya tatu nilimsikia akimwambia mtu aliye nyuma yake, "Célestin, ni ule muntu wa kunyamaza tena," na Papa Célestin akijibu kwa mbali, "Muambie atalipa facture ya simu." Nilitaka kucheka. Kisha Maman Astrida akasogeza simu karibu, nikasikia pumzi yake, na akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuijua kwake, "Kama ni weye, sema tu kama umekula."

Niliweka simu chini. Nimelitafuta jibu la kwa nini, na naweza tu kusema kwamba kwa meza ile kusema "nimekula" ni kusema kwamba umekula kwingine, peke yako, na yamekwisha. Sikutaka kusema hivyo. Na kusema "bado" kungekuwa uongo.

Mistari ya mwisho ya karatasi ilinipeleka kusini. Treni ilipofika Hiroshima niliona jina kwa herufi nilizoweza kuzisoma, na nikasimama bila kujua kwa nini, mkono juu kwenye begi. Watu walishuka, watu walipanda. Mwanamke mmoja alinipisha akidhani nashuka. Nilifikiria maneno ya Papa Célestin na uma wake hewani, na kwamba mji ule haukuwamo katika karatasi ya Nishida, na kwamba sikujua mtu wa Likasi anaingia vipi pale na kuuliza wanakula nini. Milango ikafungwa nikiwa bado nimesimama. Nilirudi pale miaka mingi baadaye, lakini hiyo si ya mwaka ule. Fukuoka nilikula tambi kwenye kibanda cha magurudumu kando ya mto, nimebanwa kati ya makarani wawili waliolegeza tai, na mmoja, alipoona nimewatazama kabla ya kuanza, akainua bilauri yake kidogo upande wangu. Huo ulikuwa mstari wa saba.

Mstari wa nane ulikuwa Kagoshima, na hapo karani wa stesheni, kijana mwenye glavu nyeupe, aliusoma, akausoma tena, akatikisa kichwa. Alionyesha mdomo wake, akakataa kwa kidole. Si chakula. Akaweka mikono juu ya kichwa kama paa. Nyumba. Aliingia ofisini, akapiga simu, akarudi akitabasamu, akanichorea ramani na kuandika jina la mwenye nyumba ya wageni: Nishida. Alikuwa dada wa yule mzee wa Osaka. Ilikuwa saa nane mchana, na sikumwambia nitafika saa ngapi, maana sijawahi katika maisha yangu kumwambia mtu nitafika saa ngapi. Nilikwenda ufukweni kutazama mlima wa moto ulio ng'ambo ya maji. Ulikuwa unatoa moshi taratibu, kama mtu anayevuta tumbaku baada ya kula, na majivu laini yalikuwa yakishuka juu ya magari, juu ya miavuli ya wanawake, juu ya mikono yangu. Nilikaa hapo mpaka jua lilipokuwa linazama. Vumbi lile lilinikumbusha Likasi, siku upepo ulipotoka upande wa viwanda.

Nilifika saa moja jioni. Mwanamke mwenye umbo dogo na nywele fupi za mvi alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wa kufagilia majivu. Aliitazama karatasi, akayatambua maandishi ya kaka yake, kisha akanionyesha saa ya ukutani kwa ukali: chakula kwake kilikuwa saa kumi na mbili, na wageni wengine walikuwa wamekwisha kula, bakuli zao zinaoshwa. Nilisikia maji kwenye sinki. Niliinama, nikaweka mkono tumboni kumaanisha nimeshiba, si neno, nitalala tu. Alinitazama kama Maman Astrida angenitazama. Alinivua begi mwenyewe, akanipa ndara, akanipitisha kwenye ukumbi mpaka chumba cha mikeka chenye meza moja ya chini. Juu ya meza palikuwa na sinia ya mtu mmoja. Kila bakuli lilikuwa na kifuniko chake, na juu ya sahani kubwa isiyokuwa na kifuniko chake, alikuwa amegeuza sahani nyingine.

Sikuigusa. Yeye alidhani sielewi, akapiga magoti, akaifunua. Walikuwa samaki wadogo wa fedha, wembamba kama kidole, wamepangwa mduara, wabichi, wanafanana kabisa na ndakala, dagaa wa kwetu, kabla hazijakaushwa. Kando yao viazi vitamu. Akanionyesha kwa mkono: kula. Akasubiri. Nikamwonyesha kwamba nahitaji simu kwanza. Alishangaa, akaitazama sinia, akanitazama, kisha akaenda akaleta simu ya nyumba, waya wake mrefu ukiburutwa kwenye mikeka, akaiweka kando ya bakuli la wali na kutoka, akiacha mlango wazi kidogo.

Nilikuwa na kadi ya kupigia nchi za nje. Nilibonyeza tarakimu zote ndefu zile, nikakosea, nikaanza tena. Brussels ilikuwa saa sita mchana. Wakati ule haikunijia akilini kujiuliza yeye anafanya nini saa hiyo. Sasa, kwa maneno ya Clarisse, najua alikuwa amekaa na sahani gani mbele yake.

"Allô?"

"Maman, ni miye. Ni Ngoie. Niko pa meza, Maman. Bado sijaanza. Karibu tukule."

Nilisikia uma ukiwekwa juu ya sahani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Miye nimekwisha kushiba. Kula."